Nguo ya Mtumba na Vazi la Ubatizo: Ulaji, Matabaka na Soko la Dunia katika Sharika Zetu

1. Utangulizi

Yakobo aliwaandikia Wakristo wa kwanza juu ya jambo ambalo kila mzee wa Kanisa anayesimama mlangoni siku ya Jumapili analifahamu. Watu wawili wanaingia katika kusanyiko. Mmoja ana pete ya dhahabu na mavazi mazuri, mwingine ni maskini mwenye mavazi mabovu, na kusanyiko linaamua kwa macho nani aketi wapi (Yak. 2:1-7). Makala hii inakusudia kueleza jinsi jambo hilo la kale linavyotokea upya katika sharika zetu kwa njia ya biashara ya nguo katika uchumi wa utandawazi. Tutachukua mfano wa Magoma, katika wilaya ya Korogwe, kwa kuwa mahali hapo pamefungamanishwa na soko la dunia kwa muda mrefu kuliko wengi wetu tunavyokumbuka.

Neno "ulaji" katika makala hii halina maana ya kula chakula tu. Lina maana ya desturi ya maisha ambamo mtu hujitambulisha, na kuwapima wenzake, kwa vitu anavyovinunua. Wachungaji wengi hudhani kwamba dhambi hiyo ni ya mijini, au ya Ulaya na Marekani, na kwamba haihusu mtaa wa vijijini ambako watu wanatafuta chumvi na sabuni. Tutaona kwamba dhana hiyo ni nusu ya ukweli, na nusu hiyo inaweza kutupotosha tunapohubiri.

2. Nguo na cheo: historia fupi

Utandawazi wa nguo haukuanza jana. Baada ya mkataba wa biashara wa mwaka 1833 kati ya Sayyid Said na Marekani, meli za Salem, Massachusetts, zilileta Unguja kitambaa cha pamba kisichopaushwa, ambacho watu wa pwani walikiita merikani. Kitambaa hicho kilichukuliwa na misafara hadi bara, na katika njia nyingi kilitumika kama fedha. Vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani (1861-1865) ilipokata biashara hiyo, vitambaa vya Bombay vilichukua nafasi. Hivyo vita iliyopiganwa upande wa pili wa bahari ilibadilisha nguo ya mtu wa bara ambaye hakupata kusikia habari zake. Hata neno "mtumba" ni la nyakati hizo: lilikuwa na maana ya mzigo au robota, hasa la nguo, lililofungwa ili mpagazi alichukue.

Tangu mwanzo nguo hiyo ilikuwa pia lugha ya cheo. Katika miji ya pwani mtumwa hakuruhusiwa kujivika kofia na viatu kama muungwana, na kaniki, kitambaa cha rangi ya buluu nzito, kilihesabiwa kuwa vazi la watu wa chini. Baada ya utumwa kukomeshwa kisheria Unguja mwaka 1897, wanawake wengi waliokuwa watumwa waliiacha kaniki wakavaa khanga. Kununua khanga hakukuwa anasa kwao. Ilikuwa tangazo kwamba wao nao ni watu. Msomaji na alikumbuke jambo hili, maana tutalirudia: haja ya maskini ya kuvaa vizuri si lazima iwe majivuno, mara nyingi ni dai la utu.

Katika wilaya ya Korogwe historia hiyo inakutana na historia ya Kanisa. Mwaka 1896 kituo cha Lutindi kilianzishwa kuwa makao ya watumwa waliokombolewa, miaka mitano tu baada ya wamisionari wa Kilutheri kufika Mlalo mwaka 1891. Reli kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, na kwa reli hiyo mkonge ulisafirishwa kwenda Ulaya. Mmea huo uliletwa nchini mwaka 1893 na Richard Hindorf. Mashamba yalienea katika bonde la Lwengera na kando ya reli, Magoma ikiwa mojawapo ya mahali hapo. Watu waliletwa kutoka mbali kuyafanyia kazi, wakaitwa manamba kwa sababu kila mmoja alipewa namba. Mtu aliyebatizwa kwa jina aliitwa shambani kwa namba: hilo peke yake lingetosha kuwa somo zima la elimu ya Kikristo juu ya mwanadamu.

3. Kutoka uhaba hadi soko huria

Kilele cha mkonge wa Tanganyika kilikuwa miaka ya 1960, ambapo nchi ilizalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Sehemu kubwa ilikuwa ya kutengenezea kamba, zikiwamo zile ambazo wakulima wa Ulaya na Marekani walifungia marobota ya majani ya mifugo. Kisha zikaja kamba za plastiki. Bei ya mkonge ikaanguka, mashamba mengi yakaingia vichakani, na mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umeshuka hadi karibu tani 20,000. Mashamba ya serikali yalibinafsishwa, na baadaye katika mashamba kadhaa ya Korogwe, Magoma likiwamo, wakulima wadogo waligawiwa maeneo walime mkonge wao wenyewe.

Wakati huo huo taifa lilijaribu kujivika lenyewe. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 vilijengwa na kupanuliwa viwanda vya nguo: Urafiki cha Dar es Salaam, kilichofunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China, Mwatex cha Mwanza, Mutex cha Musoma na vinginevyo. Lakini baada ya vita vya Kagera (1978-1979) nchi iliingia katika uhaba mkubwa. Viwanda vilikosa vipuri na umeme wa uhakika, na nguo zikawa za mgao. Wazee wetu wanakumbuka foleni za khanga, na wanakumbuka mwaka 1983, wakati wa msako wa wahujumu uchumi, ambapo mtu mwenye bidhaa nyingi nyumbani aliogopa usiku.

Tangu mwaka 1984 milango ya biashara ilianza kufunguliwa, na mitumba ikaingia kwa wingi. Hapo kwanza watu waliiita "kafa Ulaya", kwa kudhani kwamba wenye nguo hizo walikuwa wamekufa. Jina hilo lilikuwa la mzaha, lakini lilikuwa na swali ndani yake: ni nani anayeweza kutoa nguo nzima kama hii akiwa hai? Jibu ndilo kiini cha makala hii. Aliyeitoa hakufa. Alichoka nayo.

4. Safari ya shati moja

Ili tuelewe, tufuate shati moja. Pamba inaweza kuwa imelimwa Shinyanga au Simiyu, kwa maana sehemu kubwa ya pamba yetu huuzwa nje kabla ya kusokotwa. Inasokotwa na kushonwa Asia. Gharama ya kazi hiyo tuliiona tarehe 24 Aprili 2013, jengo la Rana Plaza lilipoanguka nchini Bangladesh na kuua washonaji na watu wengine 1,134. Shati linapelekwa Ulaya au Marekani, ambako linauzwa kwa bei kubwa kwa sababu ya jina lililoshonwa kwenye ukosi.

Lisiponunuliwa, linapelekwa kwenye maduka ya kampuni yenyewe yaliyo nje ya miji, ambako nguo zenye majina makubwa huuzwa kwa bei iliyopunguzwa. Mji wa Reading, Pennsylvania, ulijulikana kwa maduka ya namna hiyo tangu miaka ya 1970, na Uingereza kijiji cha maduka cha Bicester kilifunguliwa mwaka 1995. Mwanzoni maduka hayo yalimaliza mabaki na nguo zenye kasoro. Baadaye kampuni nyingi zilianza kushona nguo za hali ya chini mahsusi kwa maduka hayo, zikitumia jina lile lile. Hapo tunaiona siri ya ulaji wa siku hizi. Mtu wa kipato cha kati anasafiri umbali mrefu siku nzima ili anunue, si shati, bali jina la tabaka lililo juu yake. Na anauziwa jina hilo juu ya kitambaa hafifu. Kwa upande mwingine, kampuni ya Burberry ilikiri katika hesabu zake za mwaka 2018 kwamba iliharibu bidhaa zake za thamani ya zaidi ya pauni milioni 28 katika mwaka mmoja. Kwa kawaida kampuni hufanya hivyo ili jina lisishuke kwa kuuzwa rahisi; na Burberry yenyewe, baada ya kulaumiwa, iliahidi mwaka huo huo kuacha desturi hiyo.

Mwenye shati anapolichoka, analitia katika sanduku la misaada. Hapa Kanisa lazima lijitazame. Kule Bethel, Ujerumani, ambako misheni ya Usambara ilipata makao yake, Mchungaji Friedrich von Bodelschwingh alianzisha karibu na mwaka 1890 kazi ya kukusanya vitu vilivyotumika, akaipa jina kutokana na agizo la Bwana la kukusanya vipande vilivyobaki (Yn. 6:12). Kusudi lilikuwa kuwasaidia wahitaji na kuwapa wagonjwa kazi. Lakini nguo zinazokusanywa duniani leo na mashirika ya hisani ni nyingi kupita mahitaji ya wahitaji wa huko, na sehemu kubwa huuzwa kwa wafanyabiashara. Wao huzichambua kwa madaraja, mara nyingine katika nchi za Ghuba, na kuzikandamiza katika mabelo yanayofungwa, kwa kawaida, na mikanda ya plastiki, ndugu wa kamba ile ile iliyoushinda mkonge.

Hivyo kilichotolewa kuwa sadaka kinafika bandari ya Dar es Salaam kikiwa bidhaa, na mtu wa Magoma anakilipia. Tena belo hununuliwa likiwa limefungwa. Mama mwenye mtaji wa kukopa analipa kwanza, kisha anakata mikanda. Akikuta nguo za watoto daraja la kwanza, atalipa karo. Akikuta makoti ya theluji au nguo zilizochanika, hasara ni yake, wala hakuna wa kumrudishia. Katika mnyororo huu wote mrefu, kila mmoja amesukuma hatari kwa aliye chini yake, hadi imemfikia yule asiye na mtu wa kumsukumia. Nabii Amosi aliwakemea waliopunguza kipimo na kuwauzia maskini takataka za ngano (Amo. 8:4-6). Belo lililofungwa ni kipimo ambacho mnunuzi hakuruhusiwa kukiona.

5. Nani mlaji, na nani maskini?

Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki waliazimia kuondoa mitumba hatua kwa hatua hadi mwaka 2019 ili viwanda vya nguo vifufuke. Mwaka 2017 chama cha wafanyabiashara wa nguo hizo nchini Marekani kilipeleka malalamiko kwa serikali yao, kikidai kwamba nchi hizo zimevunja masharti ya AGOA, sheria ya mwaka 2000 iliyoziruhusu bidhaa za Afrika kuingia Marekani bila ushuru. Kenya ilijitoa mapema katika azimio. Tanzania na Uganda nazo zililegeza. Rwanda, iliyokuwa imekwisha kupandisha ushuru kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo, ilisimama, na Julai 2018 nguo zake zikanyimwa nafuu hiyo. Tuliambiwa siku zote kwamba mitumba ni hisani. Nchi maskini zilipojaribu kusema "imetosha", ndipo ilipodhihirika kwamba ni biashara, na kwamba kukataa makombo kunaweza kuadhibiwa.

Hata hivyo tusikimbilie kuilaani mitumba. Kwanza, haikuviua viwanda peke yake. Madeni, mashine chakavu, uongozi mbovu na nguo mpya za bei rahisi kutoka Asia vilichangia. Pili, imewavika watu. Mtoto wa mkata mkonge huenda shule amevaa sweta kwa sababu ya mitumba. Tatu, imewapa wengi kazi halali, na Katekisimo Ndogo inatufundisha katika Amri ya Saba kwamba imetupasa kumsaidia jirani ailinde na kuikuza riziki yake, si kuibomoa kwa mahubiri.

Lakini pamoja na nguo, roho ya ulaji nayo imesafiri. Magulioni daraja la kwanza linatangazwa kwa sauti, na lebo inageuzwa nje ionekane. Vijana wanajua majina ya makampuni kuliko majina ya mitume. Matabaka mapya yanajipanga hata ndani ya umaskini: avaaye nguo ya dukani, avaaye mtumba wa kuchagua, na avaaye mtumba uliobaki jioni, uliofagiwa chini kwa bei ya kutupa. Yule wa mwisho ndiye anayekuwa "mgonjwa" siku ya Chakula cha Bwana. Mchungaji akimtembelea na kuketi naye kwa upole, huenda akagundua kwamba ugonjwa wenyewe ni shati.

6. Neno la Mungu na urithi wetu wa Kilutheri

Biblia haiidharau nguo. Mungu mwenyewe aliwashonea Adamu na mkewe mavazi baada ya kuanguka (Mwa. 3:21). Vazi la maskini lililowekwa rehani lilipaswa kurudishwa kabla ya jua kuchwa, kwa kuwa ndilo analolalia (Kut. 22:26-27). Yohana Mbatizaji, alipoulizwa toba ni nini, alianza na kanzu mbili (Lk. 3:11). Dorkasi alikumbukwa kwa nguo alizowashonea wajane (Mdo. 9:39). Tuangalie tofauti: Dorkasi hakuwapa wajane alichokichoka. Aliketi, akapima, akashona kwa ajili yao. Sadaka yake ilikuwa na jina la mpokeaji tangu mwanzo.

Luther naye, katika maelezo ya sehemu ya kwanza ya Imani, anazihesabu nguo na viatu kati ya karama za Muumba, na katika ombi la nne la Sala ya Bwana anazitia ndani ya mkate wa kila siku. Kwa hiyo nguo ni jambo la sala kabla ya kuwa jambo la soko. Lakini katika Katekisimo Kubwa, akieleza Amri ya Kwanza, anafundisha kwamba kile ambacho moyo unakitegemea ndicho mungu wa mtu, na kwamba Mamoni ndiye sanamu inayoabudiwa kuliko zote duniani. Na mwaka 1524, katika maandiko yake juu ya biashara na riba, aliishambulia kanuni ya wafanyabiashara ya kuuza kwa bei ya juu kadiri inavyowezekana. Alilalamikia hariri na vitu vya fahari vilivyoletwa kutoka mbali, akiliona soko la Frankfurt kuwa tundu ambalo mali ya nchi inamwagikia nje. Luther hakuijua Kariakoo, lakini swali lake ni letu: biashara hii inamtumikia jirani, au jirani anaitumikia biashara?

Kutokana na haya tunapata mwongozo wa kuhubiri. Sheria haihubiriwi kwa wote kwa sauti moja. Anayekemea tamaa ya mavazi mbele ya mkata mkonge mwenye shati moja amempiga aliyekwisha pigwa. Mbele yake ihubiriwe Injili: kwamba katika ubatizo amemvaa Kristo (Gal. 3:27), na hakuna lebo inayoweza kumwongezea heshima hiyo, wala shati bovu kumpunguzia. Sheria na ihubiriwe kwa mwenye nacho, na kwa sisi wahubiri tunaopokea suti za ugeni na kuzivaa kama cheo cha Kiroho.

7. Jambo la kufanya: kipaimara

Mahali ambapo mambo haya yanauma zaidi ni siku ya kipaimara. Katika sharika nyingi binti anatakiwa kuwa na gauni jeupe na viatu vipya, kijana suti, na nyumbani lazima kuwe na karamu, mpiga picha na keki. Wazazi wasio na uwezo huingia katika mikopo inayoitwa "kausha damu", ambayo riba yake inawatesa muda mrefu baada ya keki kuliwa. Wengine huahirisha kipaimara cha mtoto aliyemaliza mafundisho yake yote. Hapo hatuwezi tena kulaumu Marekani wala Dubai. Hapo sisi wenyewe tumeweka kiingilio mlangoni pa neema.

Napendekeza mambo manne kwa mabaraza ya wazee. Kwanza, kila usharika ununue kitambaa cheupe na kuwaagiza mafundi cherehani wa mahali hapo washone kanzu za kipaimara za mfano mmoja, ziwe mali ya usharika, ziazimwe bila malipo kwa wote, mtoto wa mhasibu na mtoto wa kibarua sawasawa. Zikiazimwa kwa maskini tu, zitakuwa alama ya aibu. Pili, katika mafundisho ya kipaimara somo la Amri ya Kwanza na ya Saba litumie safari ya shati moja, ili vijana wajue wanachokivaa kimepita mikononi mwa nani. Tatu, vikundi vya akina mama viweke mfuko mdogo wa kuwakopesha wauza mitumba wadogo bila riba ya kunyonya, na kuwaunganisha wanunue belo kwa shirika, ili hasara ya belo bovu isimwangukie mmoja. Nne, misaada ya nguo kutoka sharika rafiki za ng'ambo isipokelewe kimya kimya. Tuwaandikie kwa upendo tuwaeleze tunachohitaji. Na kama wanataka kuvika, watusaidie kununua cherehani.

8. Hitimisho

Tumeona kwamba nguo imekuwa lugha ya cheo tangu siku za merikani na kaniki. Kwamba soko la leo huwauzia wenye nacho majina, na huwauzia wasio nacho mabaki. Na kwamba hatari ya soko hilo huteremka hadi kwa mama anayekata mikanda ya belo asilolijua. Kanisa halina uwezo wa kupanga ushuru wa bandari. Lina uwezo wa kupanga viti vyake. Askari waliomsulubisha Bwana waligawana nguo zake na kuipigia kura kanzu yake isiyoshonwa (Yn. 19:23-24), yeye alikufa uchi ili sisi tuvikwe. Basi Jumapili ijayo, kabla ya kuangalia ratiba ya ibada, mchungaji na amuulize mzee wa mlangoni swali moja: ni nani ambaye hajaonekana mwezi huu, na je, ana nguo?